Aliyefunga Komeo

4 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na nimefurahi kusikia kifua kimepona. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeikataa. Kwenye simu unaniitikia "mm, mm" huku nasikia unabonyeza mambo yako mengine. Barua huwezi kuiitikia "mm".

Sasa nisikilize, maana roho imenichafuka na wa kumwambia ni wewe. Unajua pale kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, saa saba mashine zikipumzishwa tunahamia chumba cha pasi, kila mtu na kopo lake la chakula, na ile televisheni ndogo iliyotolewa wodini inawashwa. Tuko wanawake watano. Mkubwa wetu ni Mama Pasi, aliyeanza kunyoosha mashuka ya hospitali ile kabla mimi sijaajiriwa, na rimoti inakaa mfukoni mwake.

Jumatatu tumeangalia ile ya polisi. Mpelelezi kashuka kwenye shimo la takataka kutafuta maiti, kavaa suruali nyeupe. Nyeupe! Kapanda juu, suruali haina hata tone. Nikawaambia wenzangu, kama kuna sabuni ya namna hiyo tuletewe leo hii. Jumanne, filamu ya mama na mwanawe, mama ni mdogo kuliko mwana. Wamempaka unga kichwani wakatuambia ni mvi, na kila akiinama kulia unga unamdondokea mabegani. Mama Pasi akasema, "Huyo si mzee, huyo katoka kukanda mkate." Tulicheka mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Lakini kinyaa chenyewe ni Jumatano. Kuna tamthilia mpya, ina wiki tatu tu, inaitwa Chumba cha Nyuma. Kijana mmoja mwenye macho ya kulegea anamsimulia mchumba wake habari za baba yake, fundi wa redio aliyezeeka akaanza kupoteza akili, na dada yake mkubwa anayemtesa huyo mzee. Dada huyo wamempa nani? Wamempa yule mrembo wa matangazo ya mafuta ya nywele! Anamwosha mzee mgonjwa huku kucha zake ndefu kama miiko, nyekundu. Na akitaka kuonyesha ubaya anafanya kitu kimoja tu, anainua unyusi. Chakula kimeungua, unyusi. Mzee kaanguka, unyusi. Nani anawachagua watu hawa? Wanakaa wapi, nikawapige kofi?

Mmoja tu ndiye mwigizaji, yule mzee. Sijui wamemtoa wapi. Anashika kijiko kama anaogopa kitavunjika. Anapuliza kila kitu kabla ya kukigusa. Yule mzee nilimtazama mpaka chakula changu kikapoa.

Na wewe huko kwenye ofisi yako, bado unatafsiri vile vitabu vya maelekezo ya mashine? Kuna mashine yetu moja inatetemeka, kitabu chake sijawahi kukielewa. Kama ulikiandika wewe, jihesabu una kesi.

Dada yako


13 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ofisini kama mwehu. Hiyo ya kukanda mkate nimewasimulia wenzangu wawili na mmoja ameniomba ruhusa aiandike.

Ile ya polisi sina la kuitetea. Lakini Chumba cha Nyuma naona umeihukumu mapema. Nimeiona na mimi. Unajua dada, mwigizaji hajichagui. Pengine mwongozaji alitaka mwingine, mwanamke wa makamo mwenye uso wa kazi, halafu wenye matangazo wakasema bila yule mrembo hawatoi kitu. Mambo haya huwa hivyo. Na mwandishi naye huandika jambo moja, watu wakapiga picha ya jambo jingine.

Yule mzee unayemsifu alikuwa mchekeshaji wa jukwaani zamani, watu walimsahau. Siku ya kwanza alimwuliza mwandishi, "Mzee huyu mikono yake inafanya nini asipokuwa na kazi?" Nilisoma hivyo mahali fulani. Nadhani kwenye gazeti.

Dada wa kwenye hadithi si lazima awe mbaya tu. Vumilia. Mtu anayesimulia ni kijana, na kijana ana maumivu yake.

Kazi yangu ni ileile, mashine na maelekezo. Mgongo uutazamishe kwa daktari, msinyanyue zile nguo zenye maji mkiwa wawili tu.

Mdogo wako


24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Gazeti gani? Hapa magazeti yote yanafungiwa mashuka machafu, huwa nayasoma kabla sijayatupa, na sijaona habari za mzee huyo.

Nimevumilia kama ulivyosema. Nimevumilia sehemu ya tano, nikavumilia ya sita, na sasa uvumilivu umeniishia. Kijana yule machozi yanamtoka kila akifungua mdomo. Anaishi mbali, haji nyumbani, ila kila Jumatano analia. Mchumba anamshika mkono, anamwambia, "Ulimpenda sana baba yako." Nikauliza kwa sauti, kama alimpenda mbona hakupanda basi? Wenzangu wakanigeukia kama nimetukana msikitini na kanisani kwa pamoja.

Kwa sababu wenzangu wanampenda, mdogo wangu. Msichana wetu wa kukunja taulo amebandika picha yake kwenye kabati. Na yule dada wanamchukia kwa moyo wote. Wiki iliyopita alimnyang'anya mzee boksi lake la vifaa, mzee akalia kama mtoto, basi Mama Pasi akatema chini. Kweli, akatema, halafu akachukua tambara akapafuta. Akasema, "Mwanamke wa hivyo angekuwa jirani yangu nisingempa hata moto."

Mimi nikainamia kopo langu. Unajua kwa nini? Kwa sababu baba naye ilibidi nimwondolee vifaa. Alikuwa amejichoma kiganja na bisibisi ya saa, hakujua kama ni damu, akaipaka mezani akidhani ni mafuta. Nilivificha juu ya kabati. Alilia siku mbili, na mimi nililia jikoni. Sikuwaambia wenzangu. Kuna mambo ukiyaeleza kwenye chumba cha pasi yanageuka tamthilia.

Nikajisemea, kumbe wazee wote wakipotewa na akili hufanana. Fundi redio, fundi saa, ni walewale.

Lakini mwandishi wa kitu hiki, popote alipo, hajawahi kumwosha mtu mzima. Hilo naweza kuapa. Anaonyesha mzee kaogeshwa, kavalishwa, katulia kwenye kiti. Hajui kwamba mzee wa namna ile hupigana. Hajui kwamba unamwosha huku anakuita mwizi, na kesho yake unarudi tena.

Nimeandika kwa hasira, nisamehe. Umekula?

Dada yako


4 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile habari ya kiganja cha baba hukuwahi kuniambia.

Pengine ni kweli mwandishi hajawahi kuosha mtu. Pengine anaandika anachokijua, na anachokijua ni kidogo.

Nakuomba jambo moja. Usiache kuiangalia kwa sasa. Subiri sehemu ya tisa, pale kijana anapoliona lile komeo. Hapo utaelewa kwa nini analia.

Nina kazi nyingi, ndiyo maana barua ni fupi. Nimekula.

Mdogo wako


16 Machi

Kwako,

Sehemu ya tisa imeonyeshwa Jumatano ya tarehe kumi na moja. Barua yako ina tarehe nne. Ulijuaje kwamba kutakuwa na komeo?

Usijibu, najua. Nilikuwa nimeiweka barua yako mfukoni mwa aproni, nikaitoa pale pale, nikatazama tarehe, nikatazama televisheni. Kijana anafika nyumbani mchana bila kutoa taarifa. Anakuta mlango wa chumba cha nyuma una komeo kwa nje. Ndani mzee anagonga. Anasema, "Fungua, mteja ananisubiri."

Mteja ananisubiri. Kijiti mdogo wangu, maneno hayo ni ya baba. Hakuyasema dukani alipokuwa na akili, aliyasema mwaka ule wa mwisho tu, na ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili, yeye na mimi. Wewe uliyasikia wapi?

Basi kijana akafungua, akambeba baba yake mgongoni, muziki ukapigwa, akatoka naye juani. Dada mtu akarudi kutoka kazini, akakuta chumba kitupu, akainua unyusi. Chumba cha pasi kizima kikapiga makofi. Msichana wa taulo alikuwa analia. Mama Pasi akasema, "Mwanamke yule si mtu, ni mnyama. Na mnyama ana nafuu, hafungi mlango." Halafu akanipa kipande cha mkate wake, kama anavyonipa kila siku, na mimi nikakitafuna. Nilikitafuna mdogo wangu, mkate wa mtu aliyetoka kuniita mnyama. Kisha nikaenda kwenye mabeseni ya nguo za upasuaji, nikatapika.

Miaka ishirini nafua damu za watu na matapishi yao, na vitu ambavyo sikutajii kwa kuwa pengine unakula. Sijawahi kuona kinyaa hata siku moja. Ulichofanya wewe kimenitia kinyaa.

Sasa nikueleze habari za komeo, kwa kuwa hukuniuliza. Baba alitoka mara tatu. Mara ya kwanza alikutwa mbele ya duka alilouza zamani, anahangaika na kufuli la watu, wakampiga. Mara ya pili alirudishwa na wanafunzi, hana suruali. Mara ya tatu alikuwa katikati ya barabara ya malori, miguu mitupu, amebeba kopo la sukari akidhani ni boksi la vifaa. Dereva wa lori ndiye aliyemshika mkono akamleta. Nilikuandikia barua siku ile. Nilikwambia, njoo hata mwezi mmoja tu, tupokezane. Ulinijibu kwamba ofisini kuna msimu wa kazi.

Nikanunua komeo. Nililipigilia mwenyewe, nyundo ikanipata kidole. Asubuhi nilimwogesha, nikamlisha, nikamwachia chai kwenye chupa na mkate uliokatwa tayari, kisha nikafunga. Saa nne fundi cherehani wa nyumba ya mbele alikuwa anakuja kumtazama. Saa tisa nilikuwa narudi mbio na viatu vimejaa maji. Miezi saba. Kila siku ya miezi saba nikilifunga komeo lile nilikuwa nasema, "Nisamehe baba," na yeye kutoka ndani ananijibu, "Haya mama, uza vizuri." Alidhani mimi ni mama yetu anakwenda sokoni.

Hilo hukuliandika. Na mwambie yule mrembo wako akate kucha. Mwanamke anayemwosha baba yake hana kucha.

Nina swali moja. Sehemu ya tisa inaisha kijana amembeba baba yake kwenye jua. Hadithi ya kweli iliishaje?

Mimi


29 Machi

Dada,

Sistahili hata kukuamkia, lakini shikamoo.

Ni mimi. Mwaka wa pili sasa naandika tamthilia. Vitabu vya mashine niliviacha zamani. Nilikuficha kwa sababu najua unavyozitazama, nikasema siku nikiandika kitu kizuri ndipo nitakwambia. Jina linalotokea mwishoni ni la kubuni.

Nilipotakiwa kuleta hadithi yangu mwenyewe, nilikaa wiki tatu sina kitu. Kilichokuja ni ule mlango. Nikakiandika siku mbili bila kusimama. Prodyuza alilia akisoma, na mimi nikaona nimekuwa mwandishi. Nilijiambia kwamba nimebadilisha, saa nimefanya redio, hakuna atakayejua. Nilijiambia na wewe hutajua. Wewe, ambaye unaona mpaka tone la tope kwenye suruali ya mtu!

Umeuliza iliishaje. Nilifika siku ile kwa shughuli ya ofisi, nilikuwa na saa tatu tu kabla basi halijarudi. Nikakuta komeo, na ndani baba anagonga, "Fungua, mteja ananisubiri." Nikafungua. Baba hakunijua, alinisalimia kama mteja. Nikampeleka kwenye hoteli ile ya pembeni ya barabara, akala wali, akapuliza kila kijiko. Alisema, "Kuna mwanamke ananifungia." Nikamwuliza ni nani. Akasema hamjui. Nilijaa hasira dada, nikasema leo leo namchukua.

Halafu saa ikafika. Nyumbani kwangu nilikuwa nalala na wenzangu watatu chumba kimoja. Sikuwa na pa kumweka. Nikamrudisha. Nikamkalisha kitandani, nikatoka, nikafunga komeo. Mimi mwenyewe. Nikakimbilia basi.

Sikumbeba. Hakukuwa na jua, mvua ilikuwa inataka kunyesha.

Tangu siku ile nimehitaji mtu wa kumchukia, na wewe ulikuwa karibu. Nimeona kinyaa nilipoisoma barua yako, si kwa uliyoyasema. Nimejiona mimi. Naacha kazi hii. Sitaandika tena.

Mdogo wako


8 Aprili

Kijiti,

Marahaba.

Nilikuwa najua.

Fundi cherehani alikuona. Alikuwa dirishani anatia uzi kwenye sindano. Jioni ile aliniambia, "Mdogo wako alikuja, akatoka na mzee, akamrudisha, akafunga, akaondoka mbio." Baba naye alikuwa na punje za wali kwenye ndevu, na mimi sikupika wali. Nilifurahi. Nakwambia kweli, nilifurahi kwamba ulikuja. Nikasema ataniandikia. Mwezi ukapita. Baba alipofariki, miezi minne baadaye, ulikuja maziko, ukasimama upande wa pili wa kaburi, hukunitazama. Nikasema kijana ana uchungu, atasema akitulia. Nimengoja miaka sita, na ulipoamua kusema umewaambia watu wote isipokuwa mimi, tena umesema uongo.

Hilo la kufunga nilishakusamehe siku ileile, kwa sababu mimi nililifunga mara mia mbili. Hata asiyejua kitu chochote, akimtazama mtu katika hali ile, angefunga. Nisichoweza kukimeza ni kwamba umejipa mgongo wa kumbebea, na mimi ukanipa unyusi.

Na sasa unataka kuacha kazi. Ndiyo kawaida yako, kitu kikiwa kizito unakimbilia basi. Ukiacha sasa, mimi nabaki mnyama milele, kila Jumatano, na marudio yake Jumamosi. Kaa hapo hapo uandike.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekaa.

Prodyuza alikataa. Alisema watu wanampenda kijana, huwezi kuwavunjia mtu wanayempenda. Tuligombana siku nne. Aliyeniokoa ni mwigizaji mwenyewe, yule mwenye macho ya kulegea. Alisoma karatasi, akairudia, akasema, "Sehemu kumi na nne nalia kama bomba bovu. Hapa ndipo nimepata cha kuigiza." Mzee naye akasema kama haitapigwa hii, yeye harudi.

Kwa hiyo sehemu ya kumi na nane mchumba anakutana na fundi cherehani, na kijana anakiri kwamba habari ya kubeba aliitunga. Yule mrembo nimemsomea barua zako, ile habari ya lori na ile ya kumwosha baba. Nisamehe sikukuomba ruhusa. Alitoka nje. Aliporudi kucha zilikuwa zimekatwa, na akauliza mtu anashikaje kichwa cha mzee anayepigana ili asijigonge ukutani. Sikujua. Nikamwambia mwandishi hajui.

Itaonyeshwa tarehe kumi na tatu. Huna lazima ya kuangalia.

Mdogo wako


20 Mei

Kijiti,

Marahaba. Tumeangalia.

Kabla haijaanza nilisimama. Sikuwa nimepanga. Mama Pasi alikuwa anatafuta rimoti mfukoni, nikasema, "Ngoja. Yule dada ni mimi. Baba ni baba yangu. Komeo nililipigilia kwa mkono huu." Nikawaonyesha kidole, ukucha wake haukuota sawa mpaka leo. Msichana wa taulo akaweka kopo lake chini. Mama Pasi akaniangalia kwa muda mrefu, na mimi nikasema moyoni, haya, tema.

Akauliza, "Saa nne nani alikuwa anamtazama?"

Nikamwambia fundi cherehani.

"Na mchana alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia mkate, nilikuwa naukata asubuhi.

Akasema, "Mimi mama yangu nilimfunga kwa kanga. Mguuni, kwenye kitanda. Mwaka mzima. Sijamwambia mtu." Akawasha televisheni.

Basi tukaangalia. Unataka maoni yangu, maana ndiyo kazi yangu. Muziki bado ni mwingi, upunguzeni. Fundi cherehani mmemfanya mmbea, hakuwa mmbea, alikuwa mtu wa watu. Mrembo nimemstahi. Alishika kichwa cha mzee vibaya, hushiki kwa vidole, unaweka kiganja kati ya kichwa na ukuta ili kikigonga kigonge mkono wako. Lakini alijaribu, na hakuinua unyusi hata mara moja.

Kijana alipolisukuma lile komeo, chumba cha pasi kilitoa sauti moja, kama watu waliomwagiwa maji ya moto. Msichana wa taulo alikwenda kubandua picha kwenye kabati. "Ananitia kinyaa," akasema. Nikamwambia iache, ana miaka ishirini na minne na basi linamwacha. Hakuiacha. Sikumlaumu.

Mimi bado nina kinyaa na wewe. Sitakudanganya. Nikiliona jina lile la kubuni linapita pale mwishoni, nageukia ukuta. Pengine kitapungua, sijui. Njoo nyumbani nikuone uso, pengine nitajua.

Ila kuna kitu sijakiamini. Kijana anapofunga, mkono unamtetemeka, kamera inaungoja utetemeke. Wako ulitetemeka? Na baba alikuwa anafanya nini? Kwenye tamthilia mmemnyamazisha. Baba hakuwa mtu wa kunyamaza. Niandikie, na usinitungie.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekata tiketi ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakaa mwezi mzima, nimekwisha kuwaambia kazini. Ukinifukuza nitakaa kwa fundi cherehani.

Umesema nisikutungie. Mkono haukutetemeka. Nililifunga kama mtu anavyofunga kabati.

Na baba alisema. Nimeandika kila kitu katika maisha yangu isipokuwa hilo, kwa sababu ningeliandika, yule dada asingekuwa mbaya hata dakika moja, na mimi nisingekuwa na hadithi. Alikuja mpaka mlangoni, nilisikia ndala zake. Nilidhani atagonga. Lakini alisema taratibu, kwa ile sauti ya dukani aliyokuwa akiwaelekezea wateja, "Sukuma mpaka mwisho, kijana. Hilo huwa halishiki, halafu natoka, napotea."

Nikasukuma mpaka mwisho.

Mdogo wako